Kromosomu zikiongezwa maradufu, je, dawa ya mmea nayo huongezeka maradufu?

Msomaji mmoja anayelima mimea ya dawa ameniandikia kwamba amesikia habari za mimea iliyoongezewa mara mbili kromosomu zake, yaani nyuzi zilizo ndani ya seli zinazobeba jeni (vinasaba), ambayo inasemekana hutoa majani makubwa na dawa nyingi kuliko ile ya kawaida. Anauliza kama habari hizo ni za kweli, kazi hiyo hufanywaje, kama yeye mwenyewe anaweza kuifanya kwa kutumia kemikali iitwayo kolkisini, na kama mmea unaopatikana kwa njia hiyo huhesabiwa kuwa umebadilishwa vinasaba.

Ndugu msomaji, habari ulizosikia zina ukweli ndani yake, ila zimerukwa hatua kadhaa. Kinachoongezeka maradufu kwa hakika ni kromosomu peke yake. Dawa iliyomo ndani ya mmea inaweza kuongezeka, kubaki ilivyokuwa, kupungua, au hata kubadilika aina, na hakuna anayeweza kukuambia kabla ya kupima ni lipi kati ya hayo litakalotokea katika mmea wako. Kwa sababu hiyo mimi huitazama mbinu hii kama njia ya kupata malighafi mpya ya uzalishaji wa mbegu bora. Aina iliyo tayari kupelekwa shambani huja baadaye sana.

Tuanze na msingi wenyewe. Mimea mingi huwa na seti mbili za kromosomu katika kila seli ya mwili wake, moja iliyotoka kwenye chavua na nyingine iliyotoka kwenye yai, na mmea wa namna hiyo huitwa diploidi. Artemisia annua, ambayo ndiyo chanzo cha dawa ya malaria iitwayo artemisinini, ina kromosomu 18, yaani seti mbili za kromosomu tisa tisa; zikifanywa kuwa 36, mmea huwa tetraploidi, yaani wenye seti nne. Maumbile yenyewe yamekuwa yakifanya jambo hili tangu zamani bila msaada wa maabara: ngano ya mkate ina seti sita na jumla ya kromosomu 42, na viazi mviringo vina seti nne na kromosomu 48. Mnanaa unaotoa mafuta ya peremende, Mentha × piperita, ni chotara wa Mentha aquatica yenye kromosomu 96 na Mentha spicata yenye 48, na kwa kuwa kila mzazi hutoa nusu ya alizo nazo, mtoto ana 72. Kwa hiyo, kabla hujafikiria kuongeza kromosomu za mmea wowote, uliza kwanza mmea huo tayari unazo ngapi. Aghalabu mmea ambao maumbile yameshauongezea mara kadhaa haunufaiki tena ukiongezewa, bali hudumaa.

Seli yenye kromosomu nyingi zaidi huwa kubwa zaidi, na hapa ndipo chanzo cha yale majani manene, mapana na yenye kijani kilichokolea uliyosimuliwa. Hata hivyo, ukubwa wa seli una hesabu yake. Ujazo wa seli ukiongezeka mara mbili bila umbo lake kubadilika, eneo la uso wake huongezeka takriban mara 1.6 tu, na urefu wake takriban mara 1.26. Maana yake ni kwamba kila sehemu ya ujazo hupata uso mdogo kuliko mwanzo wa kupitishia virutubisho na hewa. Isitoshe, seli hizo mara nyingi hugawanyika polepole. Ndiyo maana mmea wa tetraploidi huweza kuwa na majani makubwa lakini machache, shina nene lakini fupi, na maua makubwa yanayochelewa kuchanua. Anayepiga picha ya jani moja atakuonyesha muujiza, ilhali mizani ya mavuno ya shamba zima inaweza kusema jambo jingine.

Mfano ulio wazi kuliko yote ninaoufahamu ni wa artemisia hiyo hiyo. Watafiti waliotengeneza tetraploidi zake na kuzipima katika miaka ya 1990 waligundua kwamba kiwango cha artemisinini, kikipimwa kwa wastani wa kipindi chote cha ukuaji, kilikuwa juu kwa asilimia 38 kuliko katika mimea ya kawaida. Kama wangeishia hapo, habari ingekuwa ya kushangilia. Lakini walipopima mavuno ya artemisinini kwa kila mita ya mraba, walikuta yamepungua kwa asilimia 25, kwa sababu mimea hiyo ilitoa majani machache mno. Tafakari matokeo hayo ukijiweka katika nafasi mbili tofauti. Mwenye kiwanda cha kukamulia dawa anaweza kuyafurahia, kwa kuwa jani lenye dawa nyingi humpunguzia kiasi cha kimiminika na nishati anachotumia kwa kila gramu ya dawa. Mkulima anayelipwa kwa kilo za majani makavu amepata hasara. Kwa hiyo swali lako la kwanza lilipaswa kuwa pana zaidi kidogo: dawa huongezeka kwa kipimo kipi, kwa kila gramu ya jani, kwa kila mmea, au kwa kila eneo la shamba?

Pengine utauliza kwa nini dawa isiongezeke mara mbili ilhali jeni zote zimekuwa mara mbili. Jeni hazifanyi kazi kama vibarua ambao ukiwaajiri mara mbili unapata kazi mara mbili. Artemisinini, kama zilivyo alkaloidi (kemikali kali za mimea, kama nikotini) na mafuta ya kunukia, hutengenezwa kwa hatua nyingi zinazofuatana, kila hatua ikiendeshwa na kimeng'enya chake, na mfululizo wote huenda kwa mwendo wa hatua iliyo nzito kuliko nyingine. Jeni zikiongezeka zote kwa pamoja, na seli nayo ikapanuka kwa kiasi hicho hicho, uwiano ndani ya seli unaweza kubaki ule ule. Pale ambapo dawa huongezeka kweli, mara nyingi ni kwa sababu udhibiti wa jeni umevurugika kidogo: baadhi zimeamka, nyingine zimenyamazishwa. Uvurugikaji huo hautabiriki, na ndiyo sababu tetraploidi mbili zilizotoka kwa wazazi tofauti wa spishi moja zinaweza kupishana sana.

Mahali dawa inapohifadhiwa pia pana uzito. Artemisinini na mafuta ya kunukia ya minanaa hutengenezwa katika tezi ndogo ndogo zilizo juu ya uso wa jani, na katika tetraploidi tezi huelekea kuwa kubwa lakini zilizo mbalimbali zaidi. Ongezeko la ukubwa wa tezi linaweza kuliwa lote na upungufu wa idadi yake. Dawa inayokaa ndani ya mizizi hufuata hesabu nyingine kabisa.

Kuna upande ambao wanaosifu mbinu hii huugusa kwa nadra, nao ndio unaonihangaisha zaidi: mmea wa dawa hauna kemikali moja. Mtazame Acorus calamus, mmea wa kandokando ya maji ambao shina lake la chini ya ardhi lenye harufu nzuri limetumiwa kama dawa kwa karne nyingi. Umegawanyika katika makundi kulingana na idadi ya kromosomu. Diploidi zenye kromosomu 24 hazina beta-asaroni, au zina chembe zake tu. Triploidi, yaani zenye seti tatu na kromosomu 36, zinayo kwa kiasi kidogo. Na katika tetraploidi zenye 48 kemikali hiyo inaweza kuwa sehemu kubwa kuliko zote katika mafuta yake. Beta-asaroni ilisababisha uvimbe wa saratani kwa panya wa maabara, na Marekani ilipiga marufuku matumizi ya mmea huo katika vyakula mwaka 1968. Ni haki kuongeza kwamba makundi hayo yametengana kimaumbile kwa muda mrefu, kwa hiyo tofauti zao hazitokani na idadi ya kromosomu peke yake. Hata hivyo, mfano huo unatosha kuonyesha kwamba mimea miwili yenye jina moja na harufu inayokaribiana inaweza kuwa dawa mbili tofauti. Kuna pia mimea kama mnanaha, Datura stramonium, na Atropa belladonna, ambayo alkaloidi zake hutibu kwa kiwango kidogo na kuua kwa kiwango kinachokizidi kidogo tu. Tetraploidi za mimea ya jamii hiyo zimewahi kupatikana zikiwa na alkaloidi nyingi zaidi. Kwa kiwanda kinachochuja kemikali na kuipima hilo ni faida, lakini kwa mtu anayechemsha majani kwa kukadiria kiganjani ni hatari.

Sasa nije kwenye namna kazi inavyofanywa. Kabla seli haijagawanyika, hurudufu kromosomu zake zote, kisha husuka nyuzi nyembamba zinazozivuta nakala hizo kuelekea ncha mbili za seli, ili kila seli mpya ipate fungu lake. Nyuzi hizo hujengwa kwa protini iitwayo tubulini. Kolkisini hunasa kwenye tubulini na kuzuia nyuzi zisijengeke. Kromosomu zilizokwisha kurudufiwa hukosa cha kuzivuta, hubaki pamoja ndani ya kiini kimoja, na seli hutoka ikiwa na idadi maradufu. Kolkisini yenyewe hutoka kwenye mmea wa Colchicum autumnale, na madaktari huitumia kwa vipimo vidogo sana kutibu jongo. Mwaka 1937 Albert Blakeslee na Amos Avery wa Marekani walitangaza kwamba kemikali hiyo huongeza kromosomu za mimea maradufu, na moja ya mimea waliyoifanyia kazi ulikuwa mnanaha niliokwisha kuutaja. Kwa hiyo mbinu hii ilihusiana na mimea ya dawa tangu mwanzo wake.

Wataalamu huweka kolkisini kwenye mbegu zinazoanza kuota, kwenye ncha ya chipukizi, au kwenye vipande vya tishu vinavyokuzwa ndani ya chupa za maabara. Mkusanyiko wake kwa kawaida huwa kati ya asilimia 0.05 na 0.5, na muda huanzia saa chache hadi siku kadhaa. Maabara nyingi siku hizi hupendelea orizalini au trifluralini, ambazo asili yake ni viuagugu, kwa sababu hizo hushikamana na tubulini ya mimea kwa nguvu zaidi kuliko ya wanyama na hivyo hufanya kazi kwa kiwango cha chini mara kadhaa. Kiwango kikiwa kidogo mno hakuna kinachobadilika, na kikizidi miche yote hufa. Wengi hulenga kile kinachoua karibu nusu ya miche na kuacha nusu nyingine, wakijua kwamba hata hiyo iliyobaki si yote itakayokuwa imebadilika.

Hapo ndipo wanaojifunza hukwama, kwa hiyo nitapaeleza kwa kirefu. Kemikali hupata tu seli ambazo wakati huo zilikuwa zikigawanyika, na ncha ya chipukizi ina seli nyingi ambazo haziko katika hatua moja. Matokeo yake ni mmea mchanganyiko, wenye seli za kawaida na seli zilizoongezewa, zikiishi pamoja katika shina moja. Ncha ya ukuaji ya mimea mingi inayotoa maua imepangwa kwa tabaka tatu: tabaka la nje hutengeneza ngozi ya jani, la kati hutoa chavua na mayai, na la ndani huchangia sehemu za katikati ya shina, ambako mizizi ya vipandikizi huchipukia. Tabaka moja likiongezewa kromosomu na mengine yasiongezewe, ngozi ya jani itakuonyesha dalili zote za tetraploidi ilhali mbegu utakazovuna zitazaa diploidi tupu. Aidha, seli za kawaida hugawanyika kwa kasi zaidi na huweza kuzizidi nguvu zile kubwa, hata mmea uliosherehekewa mwanzoni mwa msimu ukarejea hali yake ya zamani kabla ya mavuno. Dawa ya hali hiyo ni subira: kuchukua machipukizi ya pembeni, kuyaotesha upya, kuyapima, kutupa yaliyochanganyika, na kurudia hadi upate koo zilizotulia, zisizochanganyika tena.

Upimaji wenyewe una ngazi zake. Njia nyepesi ni kutazama stomata, vile vitundu vya kupitishia hewa vilivyo kwenye ngozi ya jani, kwa hadubini. Katika tetraploidi huwa virefu zaidi na vichache zaidi kwa eneo, na seli zinazovilinda huwa na kloroplasti, vile vijisehemu vya kijani vya seli, nyingi zaidi. Lakini kumbuka nilichosema kuhusu tabaka: stomata hutoa ushahidi wa tabaka la nje tu. Ukubwa wa chavua hukupa habari za tabaka la kati. Mashine inayopima wingi wa DNA katika viini vilivyotiwa rangi inayong'aa hutoa jibu la haraka kwa mimea mingi, mradi utumie majani machanga, kwa kuwa katika spishi nyingi seli za majani yaliyokomaa huongeza DNA zenyewe bila kuguswa na mtu. Uthibitisho wa mwisho unabaki kuwa ule wa kale wa kuhesabu kromosomu katika ncha za mizizi. Kazi hiyo huchosha macho, na bado sijaona sababu ya kuiacha.

Wazalishaji wa mbegu wanakubaliana kwa kiasi kikubwa kuhusu mimea inayofaa: yenye kromosomu chache, inayochavushana mmoja na mwingine, na inayovunwa kwa ajili ya majani, mizizi au maua. Inayovunwa mbegu haifai sana, kwa sababu seti nne hugombania kuoana wakati wa kutengeneza chavua na mayai, mgawanyo huwa na kasoro, na mbegu hupungua. Kamomili, Matricaria chamomilla, yenye kromosomu 18 na ambayo huvunwa vichwa vya maua yake, inatimiza masharti hayo, na kweli tetraploidi zake zenye vichwa vikubwa vya maua, kama aina ya Kijerumani iitwayo Bodegold, zimefika mashambani. Angalizo moja kwa anayezilima ni kuzitenga na kamomili za kawaida, kwa kuwa zikichavushana hutoa mbegu chache, na watoto wao wenye seti tatu karibu wote huwa tasa. Kwa mmea unaozalishwa kwa vipandikizi utasa huo hauna madhara, na pengine ni faida.

Pia usitarajie kuusafisha ukoo wa tetraploidi haraka. Katika diploidi yenye nakala mbili zinazotofautiana za jeni moja, ukiichavusha yenyewe, mtoto mmoja kati ya wanne hupata nakala zote za ile iliyofichika, yaani ambayo sifa yake haionekani ikiwa pamoja na nyingine. Katika tetraploidi yenye nakala mbili za kila namna, ni takriban mmoja kati ya 36. Sifa unayoitafuta hujificha kwa muda mrefu zaidi, na idadi ya miche unayopaswa kuotesha huongezeka.

Kuhusu kuifanya kazi hii wewe mwenyewe kwa kolkisini, jibu langu ni hapana. Kemikali inayozuia seli za mmea zisigawanyike huzuia na zako. Miligramu chache tu zikiingia mwilini huweza kumfanya mtu mzima augue vibaya, kiasi kisichozidi sana hapo huua, dalili huchelewa kwa saa kadhaa, na hakuna dawa ya kawaida ya kuitangua. Inahitaji chumba chenye mfumo wa kutoa hewa, glavu, vifaa visivyotumika kwa kazi nyingine, na utaratibu wa kuteketeza mabaki. Viuagugu nilivyovitaja vina madhara madogo zaidi kwa binadamu, lakini navyo vinataka maabara. Mimea iliyoguswa moja kwa moja na kemikali hizo isitumiwe kamwe kama dawa. Kinachoweza kutumiwa baada ya kupimwa ni vizazi vyake vinavyofuata.

Kwa swali la vinasaba, hakuna jeni ngeni inayoingizwa. Katika Umoja wa Ulaya, Agizo la 2001/18 linataja uongezaji wa seti za kromosomu miongoni mwa mbinu ambazo hazihesabiwi kuwa za kubadilisha vinasaba. Nchi nyingine zina sheria zao, na usajili wa aina mpya ya mbegu ni jambo jingine tena.

Sehemu ya kazi iliyo mikononi mwako ni kubwa kuliko unavyodhani, nayo haihitaji sumu yoyote. Kusanya mimea mama mingi ya spishi uliyoichagua, ilime pamoja, na upeleke sampuli zilizokaushwa kwa namna moja zikapimwe kemikali zake kuu, si ile moja tu unayoiuza. Tofauti kati ya mimea ya kawaida ya spishi moja mara nyingi huzidi ile inayoletwa na kuongeza kromosomu, na huenda ukapata unachokitafuta hapo hapo. Ukitaka kuendelea, zikabidhi zile mama tano au sita zilizo bora kwa maabara ya chuo au taasisi ya utafiti wa mimea, na uombe urejeshewe kila tetraploidi pamoja na ndugu yake ambaye hakuongezewa. Usilinganishe mimea iliyopitia kemikali yenyewe, kwa kuwa hiyo bado inauguza majeraha. Linganisha kizazi kinachofuata, bega kwa bega na ndugu zake, kwa misimu miwili angalau. Andika uzito wa majani makavu kwa eneo, kiwango cha kila kemikali, na tarehe ya kuchanua, kisha zidisha uzito kwa kiwango ndipo upate mavuno halisi ya dawa kwa kila mita ya mraba.